Picha ya Mtu na Jina Lake: Funzo kutoka Ng'ambo ya Ziwa Mweru



Ukisimama Nchelenge, ufukweni mwa Ziwa Mweru, ukaelekeza macho magharibi, mbele yako ni Kongo. Ng'ambo ile Kiswahili ni lugha ya sokoni; upande huu wa Zambia husikika zaidi Kibemba. Mpaka uliwekwa na wakoloni, lakini historia ya pande hizi mbili imefungamana. Leo tuitazame kwa kupitia picha za watu.

Mwanzoni mwa karne ya 20, ng'ambo ile ilikuwa sehemu ya Dola Huru ya Kongo, milki binafsi ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Neno "huru" lisikudanganye. Mwaka 1904, huko Baringa, kaskazini mwa nchi, baba mmoja aitwaye Nsala alifika kwenye kituo cha misheni akiwa amebeba mkono na mguu wa binti yake mdogo, Boali, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Mmisionari Mwingereza, Alice Seeley Harris, alimpiga picha. Katika picha hiyo Nsala ameketi ukingoni mwa baraza, akiyatazama mabaki ya mwanawe.

Habari za mateso zilikuwa zimekwisha kuandikwa, na watetezi wa mfalme waliziita uzushi. Picha ilikuwa ngumu zaidi kukanusha. Alice na mumewe, John, walizunguka Uingereza na Marekani wakiionyesha mikutanoni pamoja na nyingine, huku wakieleza kilichotokea. Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuikabidhi Kongo kwa serikali ya Ubelgiji. Ukoloni haukukoma, wala picha peke yake haikuleta badiliko hilo: kulikuwa na ripoti, magazeti na wananchi waliopaza sauti. Hata hivyo, picha iliwapa watu hao ushahidi wa kushika mkononi.

Sasa turudi karibu na ziwa. Kampuni ya madini ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilichimba shaba Katanga kwa nguvu za vibarua wengi, baadhi yao wakitoka bonde la Luapula. Vibarua wa Katanga nao walipigwa picha, lakini aghalabu kwa faida ya mabwana, na majina ya wengi hayakuandikwa. Miaka mingi baadaye Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, alizichukua picha za kale za wafanyakazi na kuziunganisha na picha zake za viwanda vilivyochakaa. Kazi hiyo ya mwaka 2006 aliiita "Mémoire", yaani kumbukumbu. Inawauliza watazamaji: utajiri huu ulijengwa na nani, na umekwenda wapi? Mwaka 2008 alishiriki kuanzisha kituo cha sanaa mjini humo. Jina lake ni neno unalolijua: Picha.

Zingatia lugha yetu hapa. Mwenye kamera anapiga picha; mwenye sura anapigwa picha. Kitenzi chenyewe kinatuonyesha nani ana uwezo na nani anatendwa. Nsala tunamjua kwa jina, kwa hiyo tunaomboleza pamoja na baba fulani, kwa ajili ya mtoto fulani. Kibarua asiye na jina hugeuka kuwa pambo la ukuta.

Jambo hili si la kale tu. Tangu mwaka 2018, makazi ya Mantapala wilayani Nchelenge yamewapokea wakimbizi kutoka Kongo, na wapo wanaozungumza Kiswahili. Siku ukitaka kumpiga picha mkimbizi, mvuvi au mama muuza samaki, salimia kwanza. Uliza jina. Eleza picha itakwenda wapi, kisha omba ruhusa. Akikataa, shusha kamera. Picha inayodai haki haiwezi kuanza kwa kumnyima haki mwenye sura.

Maswali ya kutafakari:
1. Kwa nini picha ya Nsala ilihitaji maelezo na mikutano?
2. Tunga sentensi mbili ukitumia "kupiga picha" na "kupigwa picha". Nani ana uwezo katika kila sentensi?
3. Katika jamii yako, ni nani ambaye sura yake huonekana lakini jina lake halitajwi?