Limfoma ya ubongo na Kisangani: historia ya virusi viwili

Limfoma ya ubongo inayowapata wenye UKIMWI ni saratani ya chembe nyeupe za damu aina ya B, na karibu kila mara ni kazi ya virusi viwili. VVU huangusha kinga ya mwili. Kirusi cha Epstein-Barr, ambacho wengi barani Afrika huambukizwa utotoni kwa mate na kuishi nacho bila kujua, ndipo hupata mwanya wa kuzigeuza chembe hizo kuwa uvimbe. Mara nyingi hali hiyo hutokea chembe za kinga za CD4 zikishuka chini ya 50 kwa mikrolita ya damu. Historia ya kirusi kimoja inapitia Kampala. Ya kingine inapanda Mto Kongo hadi Kisangani.

Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago jijini Kampala, alieleza uvimbe wa taya uliokuwa ukiwashika watoto wa Uganda. Machi 1961 alitoa mhadhara London, na mmoja wa wasikilizaji, Anthony Epstein, akaomba apelekewe vipande vya uvimbe huo kwa ndege. Kwa zaidi ya miaka miwili hakuambulia kitu. Desemba 1963 ukungu ulifunga uwanja wa London, ndege ikageuzwa Manchester, na kipande kilipomfikia kwa kuchelewa maji yake yalikuwa yamechafuka kana kwamba yameingiwa na bakteria. Mtu mwingine angeyamwaga. Yeye aliyatazama kwa hadubini, akakuta ni chembe za uvimbe zenyewe, hai, zikielea. Zilioteshwa maabara, na mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi kipya walichokiona ndani yake.

Kisangani, iliyoitwa Stanleyville enzi za Wabelgiji, ndipo meli zitokazo Kinshasa hukomea, kwa kuwa mbele yake kuna maporomoko ya Boyoma; mizigo iliendelea kwa reli hadi Ubundu. Mji wa namna hiyo hukusanya mabaharia, vibarua na wachuuzi, pamoja na maradhi yao. Utafiti wa vinasaba wa Nuno Faria na wenzake, uliochapishwa mwaka 2014, ulikadiria kwamba VVU vilianza kuenea Kinshasa karibu na mwaka 1920, vikaufuata mto hadi Kisangani katika miaka ya 1950.

Kabla ya hapo mji huo ulibebeshwa lawama isiyo yake. Mwishoni mwa miaka ya 1950 maabara ya Stanleyville ilishiriki majaribio ya chanjo ya polio ya matone iliyotengenezwa na Hilary Koprowski, na sokwe mtu wengi walifugwa katika kambi ya Lindi, karibu na mji. Mwaka 1999 mwandishi Edward Hooper alitoa kitabu kikubwa akidai kwamba chanjo hiyo ilichafuliwa na virusi vya sokwe na ndivyo VVU vilivyowafikia binadamu. Mwanabiolojia William Hamilton aliona dai hilo linastahili kupimwa, na mapema mwaka 2000, vita vya Kongo vikiwa havijaisha, alikwenda na Michael Worobey kukusanya vinyesi vya sokwe katika misitu ya Kisangani. Hamilton alirudi Uingereza akiwa na malaria, akafariki Machi mwaka huo. Majibu yalitoka mwaka 2004: kirusi cha sokwe wa Kisangani ni cha tawi jingine kabisa, mbali na VVU vilivyoenea duniani. Ukoo wa karibu zaidi ulionekana baadaye kwa sokwe wa kusini-mashariki mwa Kameruni.

Kitabibu, ugumu wa limfoma ya ubongo ni kwamba inafanana na toksoplazimosi, maambukizi ya vimelea katika ubongo. Mgonjwa wa yoyote kati ya hizo huumwa kichwa, huchanganyikiwa, hupata kifafa au hupooza upande mmoja, na picha ya skana huweza kuonyesha uvimbe uliozungukwa na pete inayong'aa. Uvimbe mmoja mkubwa huashiria limfoma, mingi huashiria vimelea, lakini kanuni hiyo hukosea mara nyingi. Basi daktari huanza na dawa za toksoplazima, kama kotrimoksazoli, kwa wiki mbili hivi. Asipopata nafuu mgonjwa, hupimwa maji ya uti wa mgongo kutafuta kirusi cha Epstein-Barr, au hukatwa kipande cha uvimbe. Dawa za steroidi zikitangulia huufanya uvimbe unywee kwa muda na kuharibu kipimo, hivyo huahirishwa ikiwezekana. Pasipo skana wala mpasuaji wa ubongo, zile wiki mbili za majaribio ndizo kipimo chenyewe.

Kabla ya mwaka 1996 wagonjwa wengi walikufa ndani ya miezi michache, hata walipopigwa mionzi ya ubongo mzima. Mchanganyiko wa ARV, yaani dawa za kufubaza VVU, ulibadili hali hiyo. Sasa ARV huanzishwa mara moja pamoja na methotreksati kwa dozi kubwa, ikifuatwa na asidi foliniki ya kuokoa chembe nzima, huku figo na kiwango cha dawa katika damu vikipimwa. Baadhi ya wagonjwa huishi miaka mingi. Tiba hiyo inadai maabara ya uhakika. Mionzi nayo inadai mashine, na hata Mulago ilikaa bila yake tangu mashine yake ya kobalti ilipoharibika mwaka 2016 hadi mpya ilipozinduliwa mwaka 2018.

Kwa hiyo kinga imefanya kazi kubwa kuliko tiba. Kokote ARV zilikofika mapema, limfoma hii ilipungua sana, na tangu mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mwenye VVU aanzishiwe dawa bila kungoja CD4 zishuke.