Rutland: kaunti iliyofutwa ikakataa kufa

Leo naomba tuziache kidogo siasa za hapa kwetu, twende England. Sikupeleki London wala Manchester, ambako mashabiki wa mpira mnakujua kuliko mitaa ya kwenu. Nakupeleka Rutland, sehemu ambayo wengi wetu hatujawahi hata kuisikia ikitajwa.

Rutland ni ndogo kuliko kaunti zote za kihistoria za England. Ina kilometa za mraba 382 hivi. Mkoa wa Dar es Salaam, ambao ukiutazama kwenye ramani ya Tanzania ni kama doa tu, una kilometa za mraba 1,393. Yaani Rutland inaingia ndani ya Dar mara tatu na nafasi inabaki. Sensa ya mwaka 2021 ilikuta huko watu 41,000 hivi. Zipo kata za Dar zenye watu kuliko hao.

Sasa kwa nini nakuchosha na kaunti ya watu 41,000? Kwa sababu serikali iliifuta mwaka 1974, na watu wake wakaendelea kuidai miaka 23 mpaka wakarudishiwa. Cha kuchekesha ni kwamba ilifutwa tarehe 1 Aprili na ikarudishwa tarehe 1 Aprili. Siku ya wajinga mara zote mbili! Mimi kazi yangu ni kuandika habari, na nimekaa kwenye vikao vya halmashauri ambapo mipaka inajadiliwa kama vile ardhi haina watu juu yake. Kwa hiyo habari ya watu waliogoma kufutwa kwenye ramani lazima inivute. Nimeisoma sana, na leo nataka nikusimulie.

Tuanze na mahali penyewe. Rutland iko mashariki mwa England ya kati, imebanwa na kaunti kubwa tatu: Leicestershire, Lincolnshire na Northamptonshire. Ina miji miwili tu, Oakham ambayo ndiyo makao makuu, na Uppingham. Palipobaki pote ni vijiji vyenye nyumba za mawe, mashamba ya nafaka na malisho ya kondoo. Oakham soko lake ni Jumatano na Jumamosi, Uppingham ni Ijumaa. Mgahawa wa McDonald's, ambao duniani umejaa kila kona, ulifunguliwa Rutland kwa mara ya kwanza Novemba 2020, na kabla ya hapo ilijulikana kama kaunti pekee ya England isiyokuwa nao. Kaulimbiu ya kaunti ni ya Kilatini, Multum in Parvo, maana yake mambo mengi ndani ya kitu kidogo. Kwa Kiswahili cha mtaani tungesema kadogo lakini kamejaa.

Historia yake ni ndefu. Kabla Wanormani hawajaivamia England mwaka 1066, sehemu hii ilikuwa mali ya malkia. Edith, mke wa mfalme Edward aliyeitwa Muungamaji, alikuwa na ardhi hapa. Ilipofika karne ya 12 ikawa inahesabiwa kama kaunti kamili. Wanahistoria wengi wanaona kwamba udogo wake unatokana na huko: ilianza kama shamba la malkia, na mipaka ya shamba ikageuka kuwa mipaka ya kaunti.

Pale Oakham kuna ukumbi wa ngome uliojengwa kati ya mwaka 1180 na 1190 na Walkelin de Ferrers, na mpaka leo umesimama. Ukiingia ndani utashangaa kuta zimejaa viatu vya farasi, vile vyuma vinavyopigiliwa kwenye kwato. Viko zaidi ya 200. Mila ni kwamba kila mfalme, malkia au lodi anayefika Oakham kwa mara ya kwanza lazima atoe kiatu cha farasi kama ushuru. Hata uwe nani. Kile cha zamani kuliko vyote kinasemekana kutolewa na mfalme Edward wa Nne baada ya kuwapiga waasi mwaka 1470 karibu na kijiji cha Empingham, na Elizabeth wa Pili alitoa chake mwaka 1967. Vingi vya siku hizi ni vikubwa na vimepambwa, hakuna farasi anayeweza kuvivaa. Hebu fikiri: kaunti ndogo kuliko zote, lakini mkubwa akipita analipa yeye. Nadhani kiburi cha Warutland kilianzia hapo.

Na watu wake je? Wapo wa kukumbukwa, kwa wema na kwa ubaya. Jeffrey Hudson alizaliwa Oakham, akabatizwa mwaka 1619, mtoto wa mtu wa kawaida. Alikuwa mfupi mno. Alipokuwa na miaka saba hivi alikuwa na urefu unaokadiriwa kuwa sentimita 46. Duke wa Buckingham akamficha ndani ya pai kubwa, ikapelekwa mezani mbele ya mfalme Charles wa Kwanza na mkewe Henrietta Maria. Pai ikafunguka, Hudson akatoka. Watu wakacheka, malkia akamchukua kama zawadi. Fikiria hilo neno, zawadi. Alipokua alichoka kuchekwa, na mwaka 1644 huko Ufaransa akamuua kwa bastola mtu aliyemfanyia mzaha. Akafukuzwa. Baadaye akatekwa baharini na maharamia, akauzwa utumwani Afrika Kaskazini, akakaa huko karibu miaka 25 kabla ya kurudi kwao. Sisi tumezoea habari za watumwa waliotolewa Afrika, na hizo ndizo zilizokuwa nyingi na nzito. Lakini historia ina vyumba vingi, na kimoja alikaa Mwingereza wa Rutland.

Wa pili ni Titus Oates, naye mzaliwa wa Oakham, mwaka 1649. Huyu waandishi wa habari tunapaswa kumsoma kama onyo. Mwaka 1678 alitunga uongo kwamba Wakatoliki wamepanga kumuua mfalme Charles wa Pili. Nchi ikashikwa na hofu, mahakama zikamwamini, na watu wasiopungua 15 wasio na hatia wakauawa. Uongo ulipofichuka, mwaka 1685 alihukumiwa kuchapwa viboko hadharani na kufungwa. Wale waliokufa hawakurudi.

Msomaji usije ukadhani Rutland ilikuwa pepo ndogo. Miaka ya 1870 zaidi ya nusu ya ardhi yake ilikuwa mikononi mwa wenye mashamba makubwa wachache. Kulikuwa na majumba ya fahari kama Burley na Exton, na kulikuwa na vibarua wa mashamba. Karne nyingi kabla ya hapo vijiji kama Martinsthorpe na Horn vilikuwa vimeshakufa, yakabaki majina na matuta ya udongo kwenye malisho. Kondoo walichukua nafasi ya watu. Hata shule zake mbili maarufu, Oakham na Uppingham, zilizoanzishwa mwaka 1584 na kiongozi wa kanisa Robert Johnson, zilikuja kuwa shule za watoto wa wenye uwezo kutoka kila pembe. Kwa hiyo upendo wa Rutland nao una tabaka zake. Mwenye jumba aliipenda kwa sababu zake, kibarua kwa zake.

Sasa tufike kwenye kufutwa kwenyewe. Mapema miaka ya 1960 tume ya serikali ilipendekeza Rutland iunganishwe na Leicestershire. Hoja ilikuwa ya mahesabu: kaunti yenye watu chini ya 30,000 itaendeshaje shule, barabara na ustawi wa jamii? Warutland wakaja juu, wakaandamana, wakaweka mabango, na mwaka 1963 serikali ikarudi nyuma. Wakashangilia. Lakini miaka tisa baadaye ikapitishwa sheria ya kupanga upya serikali za mitaa kote England na Wales, na tarehe 1 Aprili 1974 Rutland ikawa wilaya tu ndani ya Leicestershire.

Pigo hilo lilikuja wakati pigo lingine limeshaanza. Miji ya jirani, kama Peterborough na Northampton, ilikuwa inakua na inahitaji maji. Mwaka 1970 bunge likapitisha sheria ya kujenga bwawa kwenye bonde la Gwash, karibu na Empingham. Ardhi ya kilimo ikazama. Kijiji cha Nether Hambleton kikabomolewa na maji yakapita juu yake, Middle Hambleton kikapoteza sehemu kubwa, na Upper Hambleton kikabaki juu ya rasi, maji pande tatu. Bwawa lile limefunika kama asilimia 3 ya kaunti nzima. Jiweke kwenye nafasi yao. Katika miaka ile ile wanakuchukulia jina na wanakuchukulia bonde, na maji yenyewe mengi yanakwenda kunywewa na watu wa kaunti nyingine.

Kanisa la Normanton nalo lilikuwa libomolewe. Wenyeji wakakataa, ukaundwa mfuko wa kuliokoa. Wakajaza mawe na kifusi sehemu ya chini, wakainua sakafu, wakajenga njia ya kulifikia. Leo linaonekana kama linaelea juu ya maji, ibada hakuna tena, na ndilo picha inayoitambulisha Rutland kuliko kitu kingine chochote. Bwawa nalo, lililoitwa Empingham wakati linajengwa, lilipokamilika likapewa jina la Rutland Water. Kaunti haikuwepo tena kwenye ramani ya serikali, lakini jina lake likawa limeandikwa juu ya maji. Waliozamishiwa mashamba sidhani kama walifurahi. Watoto wao wakaja kuvua samaki na kuendesha mashua humo.

Na maji yameleta mengine. Kuanzia mwaka 1996 waliletwa kutoka Scotland makinda ya tai mla samaki anayeitwa osprey, na mwaka 2001 wakaanguliwa vifaranga wa kwanza katika England ya kati baada ya karibu miaka 150. Ndege hawa majira ya baridi hukimbilia Afrika Magharibi, Senegal na Gambia, kisha hurudi Rutland kuzaa. Februari 2021, maji yalipopunguzwa kwenye sehemu moja ya hifadhi, ikaonekana mifupa ya mnyama wa baharini wa kale, iktiosauri, mwenye urefu wa karibu meta 10, aliyeishi miaka milioni 180 hivi iliyopita. Na mwaka 2020, shambani, zilikuwa zimeshafukuliwa nakshi za sakafu za enzi za Warumi zenye picha za vita vya Troy. Kadogo lakini kamejaa, nilikwambia.

Mwaka 1997 serikali ikakubali, Rutland ikarudi kuwa na halmashauri yake yenye mamlaka kamili. Kisheria ilibaki na hadhi ya wilaya, lakini ikajiita halmashauri ya kaunti, kwa hiyo jina lake rasmi likasomeka hivi: Rutland County Council District Council. Yaani Halmashauri ya Wilaya ya Halmashauri ya Kaunti ya Rutland! Ukitaka kujua watu wanaweza kuhangaika kiasi gani kwa ajili ya neno moja, soma jina hilo tena.

Uhuru huo una bei. Polisi na zimamoto wameendelea kuwa wa pamoja na Leicestershire. Kodi ya halmashauri inayolipwa na kaya za Rutland imekuwa miongoni mwa kubwa kabisa England katika miaka ya karibuni, kwa sababu walipaji ni wachache na huduma ni zile zile. Wale wa mahesabu ya miaka ya 1960 hawakuwa wajinga. Na Desemba 2024 mjadala ukafufuka: serikali ya London ilitoa waraka unaotaka halmashauri kubwa zaidi, ikataja watu 500,000 kama kipimo. Rutland ina watu 41,000. Ikajikuta mezani tena, kama mwaka 1963, kama mwaka 1974.

Msimamo wangu ni huu. Mtaalamu akisema halmashauri ndogo ni ghali, anasema kweli na asikilizwe. Lakini aliyeamka asubuhi ya tarehe 1 Aprili 1974 na kuambiwa hapa si Rutland tena, naye alipoteza kitu ambacho hakimo kwenye jedwali la mtaalamu. Aliijua kaunti yake kwa soko la Jumatano, kwa mawe ya nyumba, kwa vile viatu vya farasi ukutani na kwa hadithi za watu kama Hudson. Vitu hivyo havikufutika pamoja na sheria, na ndiyo maana kaunti ilikuwa na kitu cha kurudia. Wangekuwa na ofisi tu, wasingerudi.

Wanaokata mipaka watuulize kwanza sisi tunaoishi ndani yake tunapaita wapi nyumbani. Na wewe msomaji, kesho ukiambiwa wilaya yako imefutwa, ungeidai kwa miaka 23? Ungeidai kwa sababu gani? Tafakari.