Dago Lisilo na Kojani: Wenye Magari-Nyumba wa Marekani na Fasili ya Makazi

Mwaka 1985 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitakiwa kuamua kama gari lenye vitanda ni gari au ni nyumba. Maofisa wa kupambana na dawa za kulevya walikuwa wameingia bila hati ya upekuzi katika gari-nyumba aina ya Dodge lililoegeshwa katikati ya jiji la San Diego, wakakuta bangi. Katika shauri hilo, California dhidi ya Carney, majaji sita kati ya tisa waliamua kwamba ni gari, kwa kuwa laweza kuwashwa na kuondoka wakati wowote. Jaji Stevens, aliyeandika maoni ya walio wachache, alivitaja kimoja kimoja vilivyokuwamo ndani: viti laini kuzunguka meza, makabati, vitanda, jokofu. Alikumbusha pia kwamba mahakama ambako hati ingeombwa ilikuwa mitaa michache tu kutoka pale. Hata hivyo, sehemu nzito zaidi ya hukumu ile imo katika tanbihi yake. Majaji walio wengi walikiri kwamba hawakuamua lolote kuhusu gari-nyumba linalokaliwa kama makazi, kisha wakaorodhesha dalili za kulitambua: limeinuliwa juu ya matofali? Limeunganishwa na maji na umeme? Lina leseni ya barabarani? Njia ya kutokea iko karibu?

Makala haya yanaanzia kwenye tanbihi hiyo. Swali ambalo majaji waliliahirisha, wenye magari-nyumba wenyewe wamekuwa wakilijibu kila siku, na majibu yao yamesambaa kutoka kwa mtu wa kambi ya wikiendi hadi kwa yule aliyeuza nyumba na kuhamia barabarani moja kwa moja. Ninachodai ni kwamba tofauti kati ya wawili hawa haimo katika gari wala katika idadi ya usiku wanaolala humo. Imo katika marejeo: kama kuna mahali, fedha au watu wa kumpokea siku gari litakapokoma. Fasili wanayoipenda wenyewe, ile ya hiari, hulifunika jambo hili, na gharama ya kulifunika hulipwa na wengine.

Jina lenyewe lina upande. Kiingereza cha Marekani hukiita chombo hiki RV, yaani gari la burudani. Nyumba haimo katika jina. Sisi tunaposema gari-nyumba tumekwisha kutoa hukumu tofauti na ile ya 1985. Nimelichagua neno hili nikijua hivyo.

Serikali ya Marekani haina jibu moja. Mamlaka ya kodi huruhusu riba ya mkopo wa nyumba ipunguzwe kwenye kipato kinachotozwa kodi hata kama nyumba yenyewe ni tela au mashua, mradi iwe na mahali pa kulala, pa kupikia na choo. Kitanda, jiko na choo vikiwepo, ni nyumba. Wizara ya nyumba husema kinyume. Kanuni yake ya mwaka 2018 inakiweka chombo hiki nje ya sheria za ubora wa nyumba za kiwandani, mradi kimebuniwa kwa burudani tu, na si kwa makazi ya kudumu. Kwa hiyo chombo kilekile, siku ileile, ni nyumba kwa mtoza kodi, ni gari kwa polisi, na kwa mkaguzi wa majengo ni kitu ambacho mtu hapaswi kukifanya makao. Anayekaa humo mwaka mzima huishi ndani ya kitu ambacho kisheria hakikutengenezwa kwa ajili ya kuishiwa.

Mgawanyiko huu una historia, na kwa sehemu ni historia ya vipimo. Katika miaka ya 1930 tela lilikuwa tela: lilibeba familia ya likizo na familia iliyofukuzwa shambani, na wakati wa vita likawalaza wafanyakazi wa viwanda vya silaha. Katikati ya miaka ya 1950 Elmer Frey, mtengenezaji wa Wisconsin, alileta tela la upana wa futi 10, wakati barabara nyingi zilikubali futi 8 tu bila kibali maalumu. Futi hizo mbili zilitosha kuipasua tasnia. Lililo pana likawa makazi: huvutwa mara moja hadi kiwanjani, halafu halitoki tena. Jembamba likabaki na barabara, na pamoja na barabara likabaki na heshima ya msafiri. Heshima hiyo ilitafutwa kwa bidii. Wally Byam, mwasisi wa kampuni ya Airstream, aliongoza msafara wa matela yake kutoka Cape Town hadi Cairo mwaka 1959 na 1960. Maskini wa makazi alibaki upande mmoja na mtalii upande mwingine, angalau katika matangazo ya biashara.

Lakini watu hawakukubali kubaki pale viwanda vilipowaweka. Kay Peterson na mumewe Joe walikuwa wakiishi barabarani pamoja na watoto wao, na mwaka 1977 Kay alichapisha kitabu ambacho jina lake lasema kwamba nyumbani ni pale unapoegesha. Mwaka uliofuata wawili hao walianzisha chama cha Escapees, ambacho makao yake yako Livingston, Texas. Huduma yake iliyo muhimu kuliko zote haina mvuto wowote: ni kupokea barua. Mkaaji wa kudumu wa barabarani anahitaji anwani ya kupata leseni ya udereva, bima, akaunti ya benki na kura. Maelfu ya watu wameandikwa kuwa wakazi wa Livingston ilhali mwaka unaweza kupita bila wao kuuona mji huo. South Dakota nayo kwa miaka mingi ilimpa leseni mtu aliyeonyesha risiti ya kulala usiku mmoja tu jimboni. Kisha mwaka 2023 bunge lake likapitisha sheria kwamba anayetaka kujiandikisha kupiga kura awe amekaa huko siku 30. Usiku mmoja wa kuendesha gari, siku thelathini za kuchagua viongozi: jimbo lilelile lilikuwa na fasili mbili za ukaaji, na kila moja ilipimwa kwa kile ambacho mgeni angeweza kukigusa.

Wanaanthropolojia wa Kanada, Dorothy na David Counts, ambao awali walifanya utafiti Papua New Guinea, walinunua tela katika miaka ya 1990 na kuishi miongoni mwa wazee wa barabarani ili kuwachunguza. Kitabu chao cha 1996 kinaonyesha jamii ya watu wanaokutana wakiwa wageni na kuwa jirani kwa siku chache kwa kupakuliana chakula, kusaidiana kurekebisha mitambo na kukumbatiana. Naliona hilo kuwa la maana, kwa sababu linakanusha dhana kwamba asiye na kiwanja hana ujirani. Linaonyesha vilevile jinsi watu hawa wanavyojipanga kwa fasili. Kuna wa wikiendi. Kuna wanaojiita ndege wa theluji, wanaokimbilia kusini wakati wa baridi na kurudi kaskazini majira ya kuchipua. Kuna wakaaji wa kudumu. Kuna wanaoegesha jangwani bila bomba wala nyaya, ambao huwaona wa viwanja vyenye bwawa la kuogelea kuwa wamehamisha mtaa wao wa zamani tu. Na wote, kwa sauti zinazotofautiana, husema jambo moja: sisi hatukukosa makazi, sisi tumechagua.

Hapa Kiswahili kina kitu cha kutusaidia kufikiri. Tunasema nyumba yangu, lakini nyumbani kwangu. Kiambishi -ni kinapoingia, neno huacha ngeli ya vitu na kuingia ya mahali. Nyumba hujengwa, huuzwa, huungua, nyumbani hapauzwi. Madai ya Kay Peterson, yakisemwa kwa sarufi yetu, ni kwamba nyumbani pawezekana bila nyumba. Hilo nalikubali. Tuna pia neno dago. Wavuvi wa Kojani, Pemba, huenda dago wiki kadhaa au hata miezi katika fukwe za mbali; hujenga vibanda, hupika, hulala, huuguza wagonjwa wao huko, na hakuna asemaye wamehama. Dago halipimwi kwa siku. Linapimwa kwa Kojani. Ndiyo maana kuhesabu usiku, kama wafanyavyo baadhi ya wenye magari-nyumba wanapobishana nani ni mkaaji wa kudumu hasa, hakutufikishi popote. Ndege wa theluji anayelala miezi saba Arizona yuko dago. Aliyefukuzwa kwenye chumba cha kupanga jana, akalala usiku mmoja tu ndani ya gari lake, hayuko dago.

Methali husema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Kwa kawaida tunaielewa kuwa kila atokaye atarudi kwao. Lakini ngama imo ndani ya chombo chenyewe. Methali hii ya mabaharia inamrudisha mtu kwenye tumbo la jahazi alimo, wala si pwani. Mkaaji wa kudumu angeipenda. Angesema: marejeo yangu ninayo, nayakokota nyuma yangu.

Jibu hilo lingetosha kama chombo kisingeharibika na nahodha asingezeeka. Escapees wenyewe walilijua hili. Huko Livingston walijenga kituo ambako mwanachama aliyeugua au asiyeweza tena kuendesha huegesha gari lake, akaendelea kulala humo, huku akipatiwa milo na uangalizi. Kwangu mimi huo ndio ushahidi mkubwa kuliko matamko yao yote ya uhuru. Watu walioandika kwamba nyumbani ni popote walitambua kwamba lazima pawepo mahali pamoja, wakapajenga kwa mikono na michango yao. Uhuru wao ni wa kweli, na ni wa kweli kwa sababu umewekewa msingi huo.

Wengi hawana msingi wa namna hiyo. Jessica Bruder, katika kitabu chake cha 2017 kilichozaa filamu ya Nomadland, aliwafuata wazee waliopoteza nyumba na akiba katika msukosuko wa 2008, wakawa wanaishi ndani ya magari na kufanya kazi za msimu, zikiwamo za maghala ya Amazon. Nao pia hujieleza kwa lugha ya hiari. Siwalaumu: anayeitwa mzururaji ana haki ya kujipa jina jingine. Tatizo huanza pale lugha hiyo inapotumiwa na mwenye pensheni na gari la bei ya nyumba kujitenga na jirani yake, na sheria ikaifuata. Los Angeles ilikuwa na amri ya kukataza kutumia gari kama mahali pa kuishi. Mwaka 2014 mahakama ya rufani ya shirikisho iliitangua kwa sababu haikueleweka: kwa maneno yake, hata mtalii anayepita mjini na gari-nyumba lake angeivunja, lakini polisi walikuwa wakiitumia dhidi ya maskini. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu iliuruhusu mji wa Grants Pass, Oregon, kuwaadhibu wanaolala mahali pa umma hata kama hawana kitanda kingine cha kwenda. Kosa lenyewe katika sheria za mji huo liliitwa kupiga kambi, na kambi ilifasiliwa kuwa mahali pa muda pa kuishi. Maneno hayo yanakaribiana mno na yale ambayo wizara ya nyumba iliyatumia kabla ya kanuni ya 2018 kuieleza burudani ya mwenye gari-nyumba. Kitendo ni kimoja. Kwa mmoja ni likizo na kwa mwingine ni faini.

Mahakama ya juu ya jimbo la Washington iliona vizuri zaidi. Mwaka 2021, katika shauri la mtu wa Seattle aliyekuwa akiishi ndani ya gari lake la mizigo, iliamua kwamba gari hilo lilikuwa makazi yanayolindwa na sheria, na kwamba gharama alizotozwa baada ya jiji kulikokota zilikuwa adhabu iliyopita kiasi kwa mtu wa kipato chake. Majaji hawakutaka kujua kama amechagua. Waliuliza iwapo ana pengine.

Nje ya mji wa Quartzsite, Arizona, idara ya ardhi ya shirikisho hutoa kibali cha kukaa jangwani La Posa kuanzia Septemba 15 hadi Aprili 15; kwa miaka mingi ada yake ilikuwa dola 180 kwa msimu mzima. Majira ya baridi wote huwa pale, ndege wa theluji, Escapees, na waliofukuzwa na kodi ya nyumba, wamepangana mchangani wakichangia mashimo yaleyale ya kumwagia maji machafu. Fomu ya kibali haiulizi kwa nini umekuja. Siku ya mwisho ya msimu baadhi yao huondoka wakijua mlango watakaoufungua, na wengine huwasha injini kwa sababu tu kibali kimekwisha.