Gaine, Gandharva, Mghani

Mwandishi wa Kiswahili anayetaka kumtambulisha Jhalakman Gandharva hukimbilia maneno yaliyo tayari: mwimbaji mkongwe wa nyimbo za asili kutoka Nepal. Hakuna uongo hapo, ila maneno yanapwaya. Mtu huyu, aliyezaliwa mwaka 1935 Batulechaur, pembeni mwa mji wa Pokhara, na kufariki mwaka 2003, alikuwa na jina la kazi kabla hajapewa jina lake mwenyewe. Alizaliwa gaine.

Neno hilo linatokana na kitenzi cha Kinepali gaunu, yaani kuimba. Kwa shina lake, gaine ni mwimbaji tu. Lakini halikuachwa litulie na maana hiyo. Gaine alikuwa mtu wa ukoo maalumu, mwenye kuzunguka kijiji hadi kijiji na sarangi yake, chombo cha nyuzi, akisimama uani na kuimba habari: vita vilivyopiganwa, wakubwa waliokufa, maafa yaliyowapata watu. Akishapewa nafaka yake, anashika njia. Sheria kuu ya nchi ya mwaka 1854, Muluki Ain, iliwaweka gaine katika tabaka la wasioguswa. Habari za gaine ziliingia ndani, mwenyewe akaishia kizingitini. Sheria mpya ya mwaka 1963 iliufuta ubaguzi huo kwenye karatasi, ila neno lilikwisha kutiwa doa. Wenyewe wakachagua kuitwa Gandharva, jina la wanamuziki wa mbinguni katika visa vya Kihindu. Nauheshimu sana uamuzi ule. Watu waliodharauliwa kwa sababu ya kuimba hawakuukana uimbaji. Waliutafutia jina la heshima kuliko yote waliyoyajua.

Uzito wa majina haya unaonekana ukimtazama Dharma Raj Thapa, naye mzaliwa wa Batulechaur hiyohiyo, mwaka 1924. Thapa hakuzaliwa gaine. Alizipenda nyimbo za wananchi, akazikusanya, akazitungia nyingine, na Tenzing Norgay alipofika kilele cha Everest mwaka 1953, wimbo wa Thapa wa kumsifu ulienea nchi nzima. Yeye akajulikana kwa lakabu ya Janakavi Kesari, simba wa washairi wa umma. Thapa aliistahiki sifa yake, simpunguzii hata chembe. Lakini wanaume wawili wa kijiji kimoja wameimba, mmoja akaitwa simba, na mwenzake akawa na jina ambalo watu walilitamka kwa kukunja pua.

Jhalakman aliingia Radio Nepal, kituo kilichoanzishwa mwaka 1951, akawa miongoni mwa watu wa kwanza wa ukoo wake ambao sauti zao zilifika hata kwenye nyumba ambazo miguu yao haikuruhusiwa kuingia. Redioni kulikuwa na istilahi nyingine, lok git, wimbo wa watu. Istilahi hii, kama "nyimbo za asili" zetu, ni pana mno. Ndani yake mna dohori, majibizano ya wanaume na wanawake, mna jhyaure ya kuchezeka, na mna karkha, masimulizi marefu ya ushujaa ambayo ndiyo hasa kazi ya gaine. Kuviita vyote kwa jina moja ni sawa na kuuweka utendi, vugo na kimai kwenye kapu moja. Karkha haina mizani na vina vya utendi wetu, lakini shughuli yake ni ileile: kuwaweka wapiganaji midomoni mwa watu.

Wimbo uliomtangaza Jhalakman unamhusu lahure, na neno hili nalo lina safari yake. Mwanzoni mwa karne ya 19 vijana wa milimani walikwenda Lahore kujiunga na jeshi la Ranjit Singh. Aliyekwenda Lahore akawa lahure, na jina likabaki hata walipoanza kuandikishwa na Waingereza. Leo linamfuata hata kibarua wa Nepal anayekwenda Qatar. Kwetu mambo yalikwenda kinyume: kwao mji ulimpa askari jina, ilhali wapagazi wa jeshi walilipa jina eneo la Dar es Salaam, Kariakoo. Na Wagurkha, yaani lahure hao wa Waingereza, tuliwahi kuwaona kwa macho, kwani walikuwamo katika jeshi la Waingereza lililoshindwa Tanga Novemba 1914.

Katika wimbo huo lahure yuko vitani, anakufa, na anaagiza jamaa zake wajibiwe nini watakapomuulizia. Mama ana jibu lake, baba lake, shemeji lake. Kaka anapouliza, jibu ni la urithi: fungu lake sasa limeongezeka. Nimeusikiliza mara nyingi na hapo ndipo panaponikata, kwa sababu mtunzi amejua kwamba kifo kimoja humfikia kila jamaa kwa umbo lake. Kinepali humtenga ndugu wa kiume mkubwa na mdogo kwa maneno mawili, anayeuliza hapa ni mkubwa, na Kiswahili cha zamani kinaupokea wimbo huu bila taabu, kwani "kaka" wa asili ni yule aliyekutangulia kuzaliwa.

Kwa hiyo chini ya picha ya Jhalakman ningeandika "mghani wa karkha". Kughani ni kutoa maneno kwa sauti iliyo kati ya kusema na kuimba, na sauti ya Jhalakman inakaa hapohapo. Chombo kilicho mapajani mwake nakiacha na jina lake. Zeze la Wagogo ni ndugu yake wa karibu, nalo hupigwa kwa upinde, lakini sarangi ina nyuzi nne, imechongwa kutoka gogo moja na kuwambwa ngozi sehemu ya chini, na mpigaji huzigusa nyuzi ubavuni kwa kucha. Neno gaine nalo nitaliandika, ila pale tu ninapokuwa na nafasi ya kueleza waliomwita hivyo walikuwa nani.