Bahati nasibu inavyogawa nafasi za shule New York

KWA mzazi wa Kenya aliyezoea kuona mwanawe akitafutiwa shule kwa alama za KCPE, mtihani uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023, utaratibu wa jiji la New York, Marekani, waweza kufanana na mchezo wa pata potea. Huko, kila mtoto anayeomba nafasi katika shule ya upili ya umma hupewa na kompyuta nambari ya tarakimu na herufi 32. Inayoanza kwa 0 hutangulia. Inayoanza kwa herufi f hubaki mkiani.

Hata hivyo, nambari hiyo haiamui peke yake. Mwanafunzi huorodhesha shule, akianza na aipendayo zaidi. Kila shule hutazama kwanza wenye kipaumbele, mathalani wakazi wa eneo lake, kisha nambari hutenganisha waliolingana. Nafasi hushikiliwa kwa muda tu: akitokea mwenye haki zaidi, aliyekuwamo huondolewa na ombi lake hupelekwa kwa chaguo linalofuata, ambako hahesabiwi kuwa amechelewa. Kwa hivyo hakuna faida ya kuficha shule unayoitaka kwa dhati.

Utaratibu huu ulibuniwa kwa msaada wa wanauchumi Atila Abdulkadiroğlu, Parag Pathak na Alvin Roth, aliyetuzwa Nobel mwaka wa 2012. Kabla ya kuanza kutumika, katika mgao wa 2003-2004, wanafunzi zaidi ya 30,000 kwa mwaka walitupwa katika shule ambazo hawakuziomba. Mwaka huo wa kwanza walishuka hadi takriban 3,000.

Dosari ni kwamba nambari ni moja kwa shule zote. Mwenye mbaya huandamwa nayo kote. Wazazi wa New York huiona tangu 2022, na wengi huiona kwa simanzi.

Je, kila shule isiwe na kura yake? Amsterdam, Uholanzi, ilijaribu hivyo mwaka wa 2015. Wakatokea watoto ambao kila mmoja alikuwa na nafasi aliyoitamani mwenzake. Wazazi walikwenda kortini kutaka wabadilishane, wakakataliwa: kubadilishana kungemruka mtoto wa tatu aliyekuwa mbele kwenye foleni ya shule hiyo. Mwaka uliofuata, Amsterdam ikarudi kwa kura moja.