Hongo na Kiangazamacho katika Nchi ya Ugogo

Mfanyabiashara wa karne ya 19 aliyetoka Bagamoyo kuelekea Unyanyembe, akiisha kuvuka nyika ya Marenga Mkali ambayo maji yake machungu hayanyweki, aliingia Ugogo na wapagazi wenye kiu, na huko akakuta kwamba kila kisima kina mwenyewe. Hakuwa na budi kupiga kambi, kutuma wajumbe kwa mtemi, na kungoja, pengine siku kadhaa, hata kiasi cha hongo kikatike. Ndipo robota zikafunguliwa, zikatoka nguo za merikani na kaniki, zikapimwa kwa dhiraa, tangu kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati: dhiraa nne ni shuka, shuka mbili ni doti, na hapo urefu wa mkono wa mpimaji ukabishaniwa kuliko ufasaha wa wajumbe. Wasafiri Burton, aliyepita mwaka 1857, na Stanley, aliyepita mwaka 1871, waliilalamikia sana desturi hiyo, kana kwamba visima katika nchi kame kama ile vilijichimba vyenyewe.

Neno hongo limekwisha kushuka daraja, likawa jina la fedha ya mlango wa nyuma, ilhali asili yake ilikuwa ushuru wa hadharani. Pwani palikuwa na malipo ya namna nyingine, ambayo jina lake, kwa bahati mbaya, vijana wengi hawalijui: kiangazamacho, yaani ada apewayo mtu aliyekiona kitu kilichopotea akamjulisha mwenyewe. Hongo hudaiwa na aliyeshika njia. Kiangazamacho hutolewa na mwenye mali kwa hiari yake. Aliyekiona kitu kisha akakificha, akataja bei ndipo akitoe, huyo amekwisha kutoka katika kiangazamacho.

Sina budi kupita Uingereza kidogo. Mwaka 1790 Joseph Bramah, fundi wa kufuli wa London, aliweka kufuli katika dirisha la duka lake pamoja na tangazo kwamba atakayeifungua kwa ufundi wake atapewa gini 200. Ilikaa pale zaidi ya miaka 60, hata mwaka 1851 akaja Mmarekani, Alfred Hobbs, akaifungua baada ya kuihangaikia saa 51 katika muda wa siku 16, naye akalipwa. Hakuingia kwa kuvunja dirisha usiku. Alikuja kwa idhini, mchana, na mwenye kufuli akijua.

Wenye kompyuta wameifuata njia ile ile. Mwaka 1983 kampuni ya Hunter & Ready ya Marekani iliahidi gari la Volkswagen kwa atakayegundua dosari katika programu yake, mzaha uliotokana na Kiingereza kuiita dosari ya programu kwa jina la mdudu, na gari lile nalo vivyo hivyo. Netscape ilifuata mwaka 1995, na mwaka 2016 hata wizara ya ulinzi ya Marekani, ambayo haijulikani kwa ukarimu wa kufungua milango, iliwaalika wadukuzi waadilifu. Wakajiandikisha zaidi ya 1,400, wakaonyesha dosari 138 zilizothibitika, wakalipwa takriban dola 75,000.

Dodoma, iliyo katika nchi ile ile ya Ugogo, nayo imebadilika. Reli iliifikia mwaka 1910, chama cha TANU kikaamua mwaka 1973 kwamba iwe makao makuu, na baada ya kungoja kwa muda mrefu, mwaka 2016 serikali ikaanza kuhamia kwa kweli. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007 katika vilima vya Chimwaga, na Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, makao yake ni hapo hapo mjini. Hazina ya nchi sasa ni daftari zisizoshikika kwa mkono, na njia za kuziendea hazipiti kisimani kwa mtu.

Msomaji na afikirie kijana wa Chimwaga aliyelipa ada yake kwa simu, akafungua stakabadhi, akaona kwamba anwani yake juu ya kioo inaishia na 7. Kwa udadisi tu anaandika 8, na mara inatokea stakabadhi ya mtu asiyemjua, jina na kiasi. Hakuiba kitu, lakini amekwisha kuona amana ya mwenzake. Afanyeje? Sheria ya Makosa ya Mtandao, iliyopitishwa na Bunge Dodoma mwezi wa Aprili 2015 na kuanza kutumika tarehe 1 Septemba mwaka huo, humwadhibu aingiaye katika mfumo wa kompyuta kwa makusudi na kinyume cha sheria kwa faini isiyopungua shilingi milioni 3, au kifungo kisichopungua mwaka 1, au vyote viwili. Jambo zima limesimama juu ya idhini, nayo idhini si yake kuitoa. Aghalabu kijana wa namna hiyo hunyamaza, na dosari ikabaki pale pale ikimngoja mwingine asiyekuwa na haya.

Simlaumu kijana, wala siilaumu sheria, maana nyumba isiyo na mlango si nyumba. Nawaomba wenye mifumo, wa serikali na wa mabenki, watangulie wao kusema: waandike mahali pa wazi ni kufuli ipi iguswe, kwa masharti gani, taarifa ipelekwe kwa nani, na kiangazamacho chake ni shilingi ngapi.