Tiba ya Nyonga Iliyovunjika katika Nyanda za Juu Kusini

Historia ya tiba ya nyonga iliyovunjika katika mikoa ya Iringa na Mbeya ni historia ya vifaa kuliko ya elimu, kwa kuwa aina za mvunjiko zilijulikana mapema, tangu Astley Cooper wa London alipozibainisha mwaka 1822. Mvunjiko wa shingo ya paja, yaani sehemu nyembamba inayobeba kichwa cha mfupa, huweza kukata mishipa inayokilisha kichwa hicho damu, hata kikafa ingawa mfupa umenyooshwa vyema. Mvunjiko ulio chini yake, penye vinundu vinavyoshikwa na misuli mikubwa, hupata damu ya kutosha na kwa kawaida huunga hata bila kisu, japo mguu huweza kubaki mfupi.

Waunga mifupa wa jadi walifunga kiungo kwa gango la vijiti, ufundi uliofaa mkono na muundi lakini usioweza kuidhibiti nyonga iliyozama ndani ya nyama. Hospitali za serikali na za misheni, zikiwamo za Wakonsolata waliofika Iringa mwaka 1919, zilirithi njia ya kuvuta mguu kwa uzito, ambapo pini hupitishwa kwenye mfupa chini ya goti, na kamba yenye uzito ikaning'inizwa mwishoni mwa kitanda. Njia hiyo isidharauliwe, maana imewarudisha wengi shambani. Lakini huwalaza wazee majuma mengi, na kulala huko huleta vidonda vya mgongo, homa ya mapafu na damu kuganda miguuni.

Ng'ambo, Smith-Petersen wa Boston alitangaza msumari wa shingo ya paja mwaka 1931, na mwaka 1939 Küntscher wa Ujerumani akapitisha chuma ndani ya uwazi wa mfupa. Skrubu, bamba na vyuma vya ndani vilivyofuata vilihitaji eksirei inayoonyesha mfupa wakati upasuaji ukiendelea, kifaa ghali kilichobaki katika hospitali chache. Nusu kiungo bandia, ambacho daktari Austin Moore wa Marekani alianza kukitumia mwaka 1940, kina faida isiyosemwa vya kutosha: daktari hukiweka akiona kwa macho yake, hivyo kwa mzee aliyevunjika shingo ya paja huweza kufaa hata pasipo mashine hiyo.

Mwaka 1999 Lewis Zirkle wa Marekani alianzisha shirika la SIGN, ambalo chuma chake cha ndani ya mfupa hufungwa kwa mkono maalumu unaoelekeza skrubu kwenye tundu bila eksirei ya chumba cha upasuaji. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, ilikipokea; chuma hicho kimefaa sana kwa mwili wa paja, lakini shingo yake bado hudai skrubu au kiungo bandia.

Miongozo ya Uingereza hutaka mgonjwa wa nyonga apasuliwe siku anayolazwa au inayofuata. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam, iliko taasisi hiyo ya Muhimbili, ni zaidi ya kilomita 800; kwa hiyo vyuma, viungo bandia na mabingwa wa mifupa viwekwe Mbeya na Iringa, karibu na wazee wanaovihitaji.